Mraba mweupe nilioupaka bluu: ramani ya visima vya Mtoni

Wakuu, poleni na majukumu.

Naanza na lenyewe, kabla sijapata kisingizio. Ile bluu niliiweka mimi. Haikuwa printa, haikuwa wino, haikuwa umeme kupanda na kushuka. Ni mimi, kwa vidole hivi hivi, asubuhi na mapema, nikiwa na akili timamu na kikombe cha chai ya maziwa pembeni.

Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili. Nimelikana mbele ya bosi, mbele ya wafanyakazi wenzangu, na mara moja kwenye harusi, mbele ya meza nzima, alipotokea mtu aliyekuwa bado anakumbuka. Habari ya printa niliisimulia mara nyingi hadi ikaanza kunoga. Leo nawapa iliyo kweli. Mkiona mahali najipendelea, nisuteni.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa juzi humu ndani. Kijana mmoja katuwekea dashibodi yake, ramani ya nchi nzima inang'aa kama doti mpya ya kanga, chini kaandika "data haidanganyi". Watu wakammiminia pongezi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wilaya zile za rangi ya pichi zilipimwa kweli au zilipakwa tu ili picha isionekane na matundu.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, maana swali lile nami niliwahi kuulizwa, na nilijibu uongo.

Twende taratibu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mashirika ya umma yanafungwa moja baada ya jingine, miradi ya wafadhili inafunguliwa kwa kasi ileile, mara nyingi kwenye majengo yale yale. Nilikuwa na shahada ya jiografia, ambayo wakati huo ilikupa haki mbili: kufundisha sekondari, au kukaa nyumbani ukieleza kwamba unasubiri.

Mie sikusubiri sana. Nikapata kazi kwenye mradi wa kuchora ramani ya maji ya visima Temeke. Ofisi yetu ilikuwa Chang'ombe, ghorofa ya juu ya ghala lililokuwa la shirika fulani, chini wanauza marobota ya mitumba. Nikiinama kwenye kompyuta nilikuwa nasikia harufu ya makoti ya baridi ya Ulaya.

Kompyuta zilikuwa mbili, moja inafanya kazi. Ilikuwa na chumba chake chenye kiyoyozi, na ilifunikwa kitambaa cha kudarizi chenye maua. Kuingia humo unavua viatu mlangoni. Nyie wa siku hizi mnaotembea na kompyuta mfukoni mtacheka, lakini sie tuliamini kabisa kwamba vumbi la Temeke likiingia mle, mradi umekufa.

Na ukishaanza kuvua viatu mbele ya kitu, wakuu, ni vigumu sana kukiuliza maswali.

Kazi ilikwenda hivi. Kulikuwa na mabwana wawili wa chupa. Wanazunguka mitaani, wanachota maji ya visima, wanaandika mahali walipochota. Chupa zinakwenda maabara. Majibu yanarudi kwetu, mie naingiza namba. Kompyuta imeigawa Temeke yote kuwa miraba midogo midogo, na kila mraba unapewa daraja. Moja ni maji mazuri. Tano ni maji ambayo hata kufulia usithubutu.

Na sifuri. Sifuri maana yake hakuna aliyepima hapo.

Sasa shikeni hapa, maana ndipo kisa kilipo. Kompyuta haijui maji mazuri wala mabaya. Inajua namba tu. Rangi zinakaa kwenye faili la pembeni, color table, jedwali la rangi. Ni mistari tu: daraja fulani lipewe nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani, kuanzia sifuri hadi sitini na tatu. Unalifungua faili, unabadilisha namba tatu, unalifunga, na nusu ya Temeke inageuka rangi. Hakuna tone la maji lililobadilika. Nilikuwa naifanya kazi hiyo nikijiona kama Mungu wa wilaya.

Jedwali letu la kwanza lilikuwa la kistaarabu. Bluu kwa maji mazuri, kijani, njano, chungwa, nyekundu kwa mabaya kabisa. Sifuri ilikuwa nyeupe, sitini na tatu mara tatu. Panapokosekana kitu paonekane pamekosekana.

Sifuri zetu nyingi zilikuwa pembeni pembeni, kasoro kundi moja la miraba katikati ya Mtoni, kuzunguka kiwanda cha ngozi kilichokuwa kimeshafungwa.

Mnataka kujua kwa nini hapakupimwa? Mabwana wa chupa walifika getini, mlinzi akawadai barua yenye muhuri wa shirika lenye kiwanda. Wakamweleza shirika limevunjwa. Akawaambia analijua hilo, mshahara wake ndio uliomwambia, lakini utaratibu ni barua. Mabwana wa chupa wakarudi ofisini kuomba barua. Ofisi yetu, ya wasomi, ikaliandikia lile shirika lililovunjwa kuomba kibali. Nakala ya barua nilipiga chapa mwenyewe. Tukasubiri majibu.

Ndiyo, wakuu. Tulisubiri majibu.

Wakati tunasubiri, ikakaribia warsha. Mwaka ule hakikufanyika kitu nchini bila warsha, na hapakuwa na warsha bila mgeni rasmi. Bosi wetu, nitamwita Mratibu maana ndicho cheo alichokipenda, akavua viatu, akaingia chumbani na soksi zake za mistari, akasimama nyuma ya kiti changu kukagua ramani.

Alianza na nyekundu. Akasema mgeni rasmi atadhani kuna vita. Nikaibadilisha ikawa kahawia.

Akahamia kijani na njano. Vyama vingi vilikuwa bado vipya, watu wanaangaliana mashati. Akasema rangi hizo mbili zikikaa pamoja watu watasema mradi unapiga kampeni. Nikamuuliza tuweke zipi basi. Akaanza kuzipitia moja moja kwa sauti ya chini, hii ni ya wale, hii ni ya wale wengine, hii ni ya yule bwana aliyehama, mpaka nikaona tunakoelekea tutabaki na udongo. Na kweli, madaraja ya pili hadi ya tano yakawa udongo wa aina nne, kuanzia mchanga mpaka matope.

Bluu ya daraja la kwanza aliiacha. Akasema maji ni bluu, hapo hakuna mwenye neno.

Kisha akaiona ile nyeupe katikati ya Mtoni.

"Hapa hamjamaliza kazi."

Nikamweleza kwamba hapana taarifa.

"Hakuna taarifa ndiyo taarifa gani sasa? Mgeni rasmi anakuja kuona tulichofanya, wewe unamwonyesha tusichofanya. Inaonekana kama mtu mwenye mapunye."

Nikapendekeza kijivu. Akasema kijivu ni rangi ya mashine mbovu. Akavaa viatu akaondoka, akaniachia agizo moja tu: ile nyeupe isiwepo.

Nawaombeni mlitazame agizo lile vizuri, kwa sababu miaka yote hii nimekuwa nikimsingizia hata yeye. Hakusema weka bluu. Alisema nyeupe isiwepo. Ningeweza kuweka mistari. Ningeweza kuweka nyeusi. Ningeweza kuweka alama ya kuuliza yenye ukubwa wa Mtoni nzima.

Nikaweka bluu.

Niliweka kwa sababu ilipendeza. Ramani yenyewe ilishakuwa matope matupu, na bluu ile katikati iliipa uhai, kama dirisha. Nikajiambia ni samawati, bluu iliyopauka, tofauti kabisa na bluu ya daraja la kwanza. Kwenye screen kweli zilitofautiana, ukikodoa macho. Kisha nikaangalia legend pale chini, ule ufunguo wa rangi, nikaona bluu mbili zimekaa pamoja, moja "maji mazuri", nyingine "hakuna taarifa". Ikanikera. Nikafuta mstari wa "hakuna taarifa".

Mimi, mtu mwenye shahada. Nilifuta maneno mawili kwa kuwa yalikuwa yanaharibu mpangilio.

Printa ilikuwa ya Kassimu. Kassimu alikuwa mtu wa Temeke hasa, baba yake wa Temeke, babu yake wa Temeke, umri wetu unakaribiana. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha uchapaji kabla hakijafungwa, na wino aliujua kuliko sisi wote tulivyoijua kompyuta. Alitoa nakala ya kwanza, akaishika juu ya mwanga wa dirisha, akaniita.

"Dada, hizi bluu mbili zimetoka moja."

Nikamwambia zinatofautiana, aangalie vizuri.

"Nimeangalia. Mie kazi yangu ndiyo kuangalia."

Nikamwambia achape tu, muda hakuna. Akasema basi niandike pale chini kwamba kipande kile hakijapimwa, ili anayesoma ajue. Nikamjibu, na sauti yangu naisikia mpaka leo, kwamba hii ni ramani ya kitaalamu, kaka, siyo bango la taarabu.

Kassimu akachapa.

Warsha ilifanyika mjini, kwenye ukumbi wa hoteli. Ramani ikatundikwa mbele. Mgeni rasmi, ambaye mpaka siku ile sidhani kama aliwahi kuteka maji, akaisogelea na mikono nyuma, akatazama matope yetu yote, kisha akanyoosha kidole katikati ya ile bluu ya Mtoni.

"Kumbe maji mazuri yapo hapa hapa."

Ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga. Na kidole kile kilikuwa kimeshaamua: mradi ulikuwa na kisima kirefu kimoja cha kuwachimbia wananchi, na kisima hicho kikapangiwa palepale, kwenye kiwanja cha wazi kinachopakana na ukuta wa kiwanda cha ngozi. Kitatumiwa na kikundi cha akina mama wa Mtoni. Kaya nyingi, watoto, wagonjwa, wote watayanywa maji ya rangi niliyoichagua kwa sababu ilipendeza.

Mratibu akanishika bega akasema ramani imetulia. Nilirudi nyumbani Kimara nimevimba kichwa. Kimara penyewe bomba lilikuwa pambo, maji tunanunua kwa madumu, lakini usiku ule nililala kama mtaalamu wa maji.

Wiki iliyofuata akaja Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ndiye alikuwa mwenyekiti wa kile kikundi. Mama wa makamo, mwenyeji wa Mtoni, anapika chakula cha mafundi wa gereji za huko. Kisima cha nyumbani kwake kilikuwa na chumvi kiasi kwamba, kwa maneno yake, wali wake hauhitaji kuonjwa. Kwenye ramani alikuwa daraja la nne, matope ya juu juu. Alivua kandambili mlangoni bila kuambiwa, akaingia, akaitazama kompyuta na kitambaa chake.

"Huyu naye ana baridi?"

Nikamwamkia shikamoo, nikamkaribisha kiti. Akasema yeye macho yake mabovu, nimsomee ramani. Nikamwonyesha nyumbani kwake. Akauliza mbona kwake kahawia. Nikamweleza chumvi. Akaridhika, akasema hiyo kweli, yule bwana wa chupa alifika kwake, akachota, akanywa na uji bakuli mbili.

Halafu akaweka kidole kwenye bluu.

"Na hapa alichota nani?"

Nikaanza kumweleza habari za miraba.

"Hiyo miraba sawa, mwanangu. Nakuuliza aliyechota. Maana mie nakaa pale, nauza pale, nasengenya pale. Yule bwana na mwenzie niliwaona wanafika getini, wanabishana na mlinzi, wanageuka. Hawakurudi. Labda alikuja mwingine sikumwona."

Wakuu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Alichotaka ni neno moja. Alikuwa amefanya kwa macho yake mabovu ukaguzi ambao mradi mzima, pamoja na mtaalamu wa kigeni aliyekuja kwa wiki mbili, haukuufanya.

Nikamwambia, "Yamepimwa, mama."

"Yamepimwa?"

"Yamepimwa. Kompyuta haiwezi kuweka rangi bila vipimo."

Akaniangalia. Akaiangalia kompyuta. Akasema, "Haya. Nyie ndio mmesoma," akaenda kutafuta kandambili zake.

Kwenye maisha yangu nimetukanwa na watu wengi, wengine humu humu ndani. Hakuna aliyewahi kunifikia kama yule mama kwa maneno yale manne, na sidhani hata kama alikusudia tusi.

Siku mbili sikuweza kukaa vizuri. Ya tatu nikaomba chupa ya maabara stoo, nikasema ni ya maonyesho, nikaenda Mtoni mwenyewe. Mlinzi wa kiwanda alinidai barua. Sikubishana naye. Nikazunguka nje ya ukuta mpaka kile kiwanja cha kisima, nikakuta vijana wanafyatua matofali, na shimo la maji walilolichimba wenyewe. Nikawaomba nichote.

Mmoja akanionya nisionje. Akasema wao wanafyatulia tu, hawanywi, na hata matofali yakikauka yanaota ungaunga mweupe. Nikamuuliza kama walishamwambia mtu yeyote. Akasema hakuna aliyewauliza.

Maji yenyewe yalikuwa maangavu. Ungeyaweka kwenye glasi mbele ya mgeni rasmi angekunywa.

Nikaipeleka chupa maabara, nikajaza fomu, nikaandika namba ya simu ya ofisi. Nikaambiwa majibu ni wiki ijayo, watapiga.

Wiki ijayo yenyewe gari la kuchimba likaja likaegeshwa kwenye kile kiwanja. Uchimbaji uliwekwa Jumamosi asubuhi, mgeni rasmi awepo, bomba la kwanza alizamishe yeye. Na katikati ya hapo Mratibu akaiona nakala ya fomu yangu ya maabara mezani, akaniita nimweleze nimetoa wapi wazo la kupima mahali palipokwisha pimwa.

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili. Wengine mnajua nafasi ya pili inavyokuwa: inakuja imevaa nguo za kawaida, huitambui.

Nikamwambia kuna wasiwasi kwamba bluu mbili zimechanganyika.

"Nani kazichanganya?"

"Printa."

Akamwita Kassimu. Kassimu akaja na vidole vyake vya wino, akaulizwa kwa nini mashine yake imechanganya rangi za mradi. Akanitazama mara moja tu. Hakunitaja. Alisema, "Printa inatoa ilichopewa, mzee."

Mratibu akaona ni jeuri. Siku hiyo hiyo Kassimu akanyang'anywa chumba cha printa, akapelekwa chini kukaa kwenye meza ya mapokezi, kupokea simu na kuandika majina ya wageni. Fundi aliyeweza kukwambia kwa kunusa kama wino umechacha, akapewa daftari la wageni.

Na kuhusu kisima, Mratibu akasema Jumamosi iko palepale. Kama maabara wana neno waseme kabla. Yeye hawezi kumrudisha mgeni rasmi kwa sababu ya wasiwasi.

Sasa wakuu, kabla sijamaliza naweka nilichojifunza hapa hapa, kwa sababu nikishafika kwenye simu sitakuwa na la kuongeza.

Kwanza kuhusu Kassimu. Hakurudishiwa printa. Sikusema wiki ile, sikusema mwezi ule, sikusema mradi ulipofungwa na sote tukagawana vitambaa vya kudarizi. Nilimwona mara moja baadaye sana, ana duka lake la kuchapa kadi za harusi, tukasalimiana vizuri, akanipa soda. Nikanywa soda yake na bado sikusema. Kama yumo humu, au mwanawe yumo, aniandikie hapa hadharani, siyo PM.

Pili, kuhusu nyie wa dashibodi. Siwachukii, nawaonea wivu. Mna rangi milioni kumi na sita, sie tulikuwa tunahesabu mpaka sitini na tatu. Lakini nikiona ramani yenu isiyo na hata baka moja jeupe, naijua hiyo ramani. Nimeshakaa kwenye kiti hicho. Nchi hii haijawahi kupimwa yote, hata siku moja, na anayekuonyesha imejaa rangi kutoka mpaka hadi mpaka kuna mahali kapaka. Muulize aliyechota. Usiulize software gani, usiulize chanzo kimeandikwaje. Uliza mtu, jina, na chupa.

Tatu, ukiombwa ufute kitu kisionekane, angalia unachokiweka mahali pake. Mwenye agizo hatakumbuka. Wewe utakumbuka.

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kupaka wajitokeze, nimeshawafungulia njia. Wanaotaka kunishambulia nao karibuni, ila msome mpaka mwisho kwanza.

Simu ilipigwa Ijumaa, mchana umeanza kupoa.

Bi Mwanaidi alikuwepo. Amekuja na akina mama wawili kuulizia mgeni rasmi wa kesho ataketi wapi na atakula nini, maana wao ndio wapishi. Wamekaa kwenye benchi la mapokezi, mbele ya meza ya Kassimu. Mie nilikuwa nashuka ngazi na ramani nimeikunja kwapani, ya kutundika kesho kiwanjani. Mratibu alikuwa nyuma yangu anaimba wimbo wa kanisani kwa pua.

Kassimu akapokea. Akasema ndiyo, ni hapa. Akavuta daftari la wageni, akaanza kuandika pembeni ya majina ya watu. Aliandika mstari, akaandika mwingine. Kisha akasema, "Subiri kidogo mkuu," akafunika simu kwa kiganja na kuinua uso.

"Dada, ni maabara. Anajaza fomu. Anauliza, kabla ya chupa yako, mraba ule ulipimwa lini?"

Mratibu akaacha kuimba. Bi Mwanaidi hakugeuka, alikuwa anajifunga mtandio, ila mikono ilisimama.

Nilikuwa na majibu mengi. Nilishawahi kuyatoa yote.

"Haukupimwa," nikasema.

Kassimu akaondoa kiganja. "Haukupimwa," akamwambia mtu wa maabara, kwa sauti ile ile ambayo angesema saa. Akasikiliza. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Akaandika neno moja, akalipigia mstari chini, akaweka simu.

Mratibu akashuka ngazi mbili na kunyoosha mkono apewe daftari. Kassimu hakumpa. Hakunitazama mimi pia. Aligeukia benchi.

"Mama," akamwambia Bi Mwanaidi, "anasema mraba ule sasa umepimwa. Msichimbe."